“Amebemendwa”, “kwetu ni wafupi” na mengine tunayosema mtoto asipokua

“Utapiamlo ni wa sehemu zenye njaa”

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Wengi tungedhani mikoa ya ukame ndiyo inayoongoza. Sivyo. Iringa ilikuwa ya kwanza kwa takriban asilimia 57, na Njombe na Rukwa zikafuata, kila mkoa ukiwa na karibu nusu ya watoto wake wamedumaa. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Mahindi, maharage, viazi na parachichi tunazokula Dar es Salaam zinatoka huko kwa malori.

Chakula kipo shambani, kipo ghalani, kipo sokoni. Swali ni kipi kinafika kinywani mwa mtoto wa miezi minane. Mama anatoka alfajiri kwenda shamba, mtoto anabaki na dada yake ambaye naye ni mtoto, na chupa ya uji wa asubuhi. Maziwa yameuzwa, mayai yameuzwa, maharage yanasubiri bei ipande. Jioni watu wote wanakaa kwenye ugali na mtoto anamegewa tonge, kama hajalala. Siku imeisha amekula mara mbili, na mara zote mbili amekula mahindi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anatakiwa alishwe mara 2 hadi 3 kwa siku mbali na maziwa ya mama. Kuanzia miezi 9, mara 3 hadi 4, pamoja na kitu cha kutafuna katikati. Ongeza kuhara kwa mara kwa mara kutokana na maji yasiyo salama, maana chakula kidogo alichokula nacho kinapotea.

Wanaosema akina mama wa huko ni wazembe wananikera. Mwanamke anayelima mpaka wiki ya kujifungua na kurudi shambani baada ya muda mfupi hana wa kumwachia jembe. Udumavu wa mtoto huyo umeanzia tumboni, na baba mwenye kauli juu ya gunia lipi liuzwe na kuku yupi abaki ana sehemu kubwa ya jibu.

“Mtoto amebemendwa”

Hili ndilo linaloua, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Mtoto akikonda, akiharisha, akalegea miguu na kulialia, majirani wanaanza kunong’ona: wazazi wamembemenda. Maana yake wameingiliana wakati mtoto bado ananyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa kisha akamshika mtoto. Dawa inatafutwa kwa bibi au kwa mganga. Kliniki haiendewi, kwa sababu mama anayempeleka mtoto wa aina hiyo anajua macho yote ya benchi yatamgeukia yeye.

Tendo la ndoa halimdhuru mtoto anayenyonya. Jasho haliharibu maziwa, wala maziwa hayageuki sumu. Lakini wazee walioanzisha imani hii waliona jambo la kweli: mtoto wa mwaka mmoja mara nyingi hudhoofika mama yake anaposhika mimba nyingine. Kinachomdhoofisha ni kuachishwa ziwa ghafla, kwa kuwa watu wamemwambia mama kwamba maziwa ya mimba ni mabaya, halafu mtoto anahamishiwa kwenye uji mtupu. Mama mjamzito mwenye afya nzuri anaweza kuendelea kunyonyesha huku akila vizuri zaidi. Njia za uzazi wa mpango nazo zipo ili mtoto apate miaka yake miwili ya kunyonya.

Nyuma ya neno hilo moja yanajificha magonjwa yanayotibika: kifua kikuu, maambukizi ya VVU, minyoo, kuhara kusikokoma. Kila wiki inayopita kwa mganga ni wiki ambayo mtoto hajapimwa.

“Mwanangu ni bonge, hana shida”

Mvue soksi. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa unyayo, miguu yote miwili, kwa sekunde tatu, kisha achia. Pakibaki shimo, huo si unene, ni maji. Mtoto mwenye unyafuzi, yaani utapiamlo unaovimbisha mwili, anaweza kuwa na mashavu yaliyojaa na tumbo kubwa huku nywele zikiwa nyepesi na zimebadilika rangi, ngozi ikibanduka, hataki kucheza wala kula. Hata uzito wake kwenye mizani unaweza kuonekana wa kawaida. Mtoto wa namna hii apelekwe hospitali leo.

Na aliyenenepa kweli, kwa soda, biskuti na chipsi, anaweza kuwa na upungufu wa damu vilevile. Zaidi ya nusu ya watoto wadogo nchini wana upungufu wa damu, na mizani haiuonyeshi.

“Kwetu sote ni wafupi”

Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani walionyonyeshwa vizuri na kulelewa katika mazingira safi. Urefu wao hadi umri wa miaka mitano ulikaribiana mno, licha ya tofauti zote za asili. Kwa hiyo kijiji kizima kikiwa na watoto wafupi, ukoo hautoshi kuwa sababu.

Mama yangu, unapokwenda kliniki omba mtoto apimwe urefu. Sehemu nyingi wanatundika kwenye mizani, wanaandika kilo, basi. Halafu baada ya chanjo ya miezi 18 wengi hatuonekani tena, wakati siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, ndizo mwili na ubongo vinajengwa kwa kasi kuliko wakati wowote. Urefu uliopotea hapo ni vigumu sana kuurudisha.

“Unga wa lishe wenye nafaka nyingi ndio bora”

Mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, soya, karanga, vyote kwenye mfuko mmoja. Nafaka tano bado ni nafaka; mtoto hapati mboga wala nyama kwa kuziongeza. Karanga zilizosagwa na kukaa muda mrefu zinaharibika, na karanga au mahindi yenye ukungu yanabeba sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Wataalamu wa lishe wanashauri upike uji wa nafaka moja, uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kuchuruzika, kisha uongeze maziwa, karanga zilizosagwa siku hiyo au kijiko cha mafuta. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji wa maji unalijaza bila kumpa nguvu.

Kuhusu mayai: hayamcheleweshi mtoto kuongea, hayamfanyi mwizi, na mjamzito akiyala hazai mtoto mwenye kipara. Baada ya miezi sita, mpe. Dagaa pia, wakisagwa.

“Amekonda sana, alishwe kwa nguvu”

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akipimwa mkono wa juu kwa utepe ukasoma chini ya sentimita 11.5, yaani kwenye rangi nyekundu ya utepe, ana utapiamlo mkali. Kumshindilia sahani ya wali na nyama kunaweza kumuua, kwa kuwa moyo na chumvi za mwili wake haviwezi kuhimili mzigo huo ghafla. Akiwa hana hamu ya kula au amevimba, hospitali huanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Akipata hamu huhamia kwenye vile vipakiti vya karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini, na anaweza kumalizia nyumbani. Vipakiti hivyo ni dawa ya mtoto huyo mmoja. Wadogo na kaka zake wakigawana, hesabu ya muuguzi inavurugika na mkono wake unabaki kwenye rangi nyekundu.