Setilaiti inasema, haisikii: kwa nini sasisho huharibu king'amuzi kilichokuwa kizima

Lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni hili: king'amuzi kililala kizima, usiku kikajisasisha chenyewe, asubuhi nusu ya chaneli hazipo. Mwenye nyumba anapanda kulitikisa dishi. Fundi akiitwa, naye anaanza na dishi. Kazi yangu ni kupima programu za ving'amuzi kabla hazijarushwa hewani, na swali langu la kwanza huwa: zilizopotea ni zipi, zilizobaki ni zipi?

Nauliza hivyo kwa sababu dishi likihama halichagui. LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi na kupokea mawimbi, kwa kawaida haijiamulii kitu. Inaongozwa na king'amuzi kupitia waya ule ule unaoleta picha. King'amuzi kikipeleka volti 13, LNB inapokea mawimbi ya wima. Kikipeleka volti 18, inapokea ya mlalo. Kikichanganya na umeme huo mlio wa kilohezi 22, LNB inahamia masafa ya juu, kuanzia gigahezi 11.7. Basi ukikuta zilizopotea zote ni za mlalo, au zote ni za masafa ya juu, kuna amri ambayo LNB haiipati. LNB iliyochoka au waya ulioingia maji huleta dalili hiyo hiyo, ni kweli, lakini dalili ikianza usiku ule ule wa sasisho, mimi naishuku programu kwanza.

Penye LNB mbili au nne zilizounganishwa kwenye swichi, mambo ni magumu zaidi. Hapo amri hupelekwa kwa mapigo ya mlio huo huo wa kilohezi 22, kwa utaratibu wa DiSEqC uliobuniwa na Eutelsat, na utaratibu unataka kuwe na kimya cha angalau milisekunde 15 kabla ya amri. Nimewahi kupewa toleo ambalo mwandishi wa programu alikipunguza kimya hicho ili chaneli zibadilike haraka. Maabara, kwa waya mfupi na swichi mpya, lilifanya kazi vizuri na kila mtu akasifu kasi. Tulipoliunganisha na swichi ya zamani, likawa linakamata setilaiti moja tu, ile ambayo swichi ilikuwa imebaki nayo. Hitilafu ya namna hii inapita vipimo vyote vya kawaida, kisha inamkuta mtu ambaye vifaa vyake vina miaka kumi juani.

Wengi hudhani kwamba sasisho lilishuka vibaya. Ni nadra. Mkondo wa DVB, yaani kiwango cha televisheni ya kidijitali kinachotumiwa na ving'amuzi hivi, umekatwa kuwa pakiti za baiti 188, kila pakiti ikiwa na namba inayosema imebeba nini: picha, sauti, ratiba ya vipindi. Programu mpya nayo hupewa namba yake, ikagawanywa vipande, na vipande vikarushwa kimoja kimoja hadi cha mwisho, kisha vikaanza upya, usiku na mchana, hata kwa wiki kadhaa. Ni mwalimu anayesoma imla akiwa ameziba masikio: aliyekosa sentensi asubiri irudiwe. Faili la megabaiti 40 likitengewa kilobiti 400 kwa sekunde, mzunguko mmoja huchukua dakika 13 na ushei. Mvua ikikatiza, king'amuzi kinangoja mzunguko unaofuata kijaze mapengo. Kila kipande kina namba ya uhakiki, na watengenezaji makini hulitia faili zima saini ya kidijitali ambayo king'amuzi huikagua kabla ya kukubali chochote. Kilichofika kwa kawaida ndicho kilichotumwa. Kama kilichotumwa kilikuwa kibovu, kimefika kibovu kikamilifu.

Kipindi cha hatari ni dakika zile za kuandika. Kumbukumbu ya flashi haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Lazima eneo lifutwe kwanza. King'amuzi kilichoundwa vizuri kina maeneo mawili: programu inayofanya kazi inakaa moja, mpya inaandikwa lingine, na kifaa kinahamia upande mpya baada ya kuhakikisha kwamba unawaka. Ukikwama, kinarudi upande wa zamani. Kile cha bei rahisi kina eneo moja, kwa hiyo kinafuta kilichonacho na kutumaini kwamba umeme hautakatika. Ukiona maandishi makubwa yakikusihi usizime, mara nyingi ni dalili kwamba hakuna nakala ya pili. Mimi hilo nalihesabu kuwa kasoro ya uundaji iliyogeuzwa kuwa wajibu wa mtazamaji.

Lakini hata chenye maeneo mawili hakimwambii mtu yeyote kilichotokea. Hapa ndipo sasisho la setilaiti linapotofautiana na la simu. Simu hurudisha taarifa: imepokea, imewaka, imeanguka mara kadhaa. Mtumaji akiona mambo yanaharibika kwenye kundi dogo la kwanza, anasitisha. Setilaiti haina njia ya kurudi. Anayerusha hajui ni ving'amuzi vingapi vilivyopokea wala vingapi vilivyokufa, mpaka simu za huduma kwa wateja zianze kulia, na wanaopiga ni wale tu waliokasirika vya kutosha. Ving'amuzi vilivyounganishwa na intaneti vinaweza kujieleza, lakini vingi vina dishi tu.

Anachoweza kufanya mtumaji ni kulenga. Kiwango cha DVB cha kusasisha programu kinaruhusu tangazo litaje namba ya mtengenezaji, ile ya biti 24 inayotolewa na IEEE, jumuiya ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, pamoja na toleo la kifaa na la programu. Ulengaji huo ukikosewa tarakimu moja, ndipo balaa. Watengenezaji hubadilisha chipu ya tyuna, ile inayokamata mawimbi ya chaneli, katikati ya uzalishaji, labda kwa sababu ya bei, na kuacha sanduku lile lile na jina lile lile la modeli. Programu ya tyuna mpya ikiingia kwenye ya zamani, kifaa kinawaka, menyu inafunguka, rimoti inaitika, lakini hakuna mawimbi hata chembe.

Aina nyingine ya hitilafu imelala ndani ya programu tangu mwanzo, na anayeiamsha ni mrushaji wa matangazo. Majedwali yanayoeleza chaneli na vipindi yamejaa vijisehemu vyenye aina na urefu, na kanuni ni rahisi: usichokifahamu, kiruke kwa urefu wake uendelee. Programu iliyoandikwa kizembe haikiruki. Siku mrushaji akiongeza kijisehemu kipya, ving'amuzi vya modeli hiyo vinaanguka, vinajiwasha upya, vinarudi kwenye chaneli ya mwisho, vinaanguka tena. Ikitokea kwamba wiki hiyo palikuwa na sasisho, litabeba lawama lisiyostahili. Kipimo chake ni kuchomoa waya wa dishi na kukiwasha kifaa. Kikitulia bila waya, shuku kinachosomwa kutoka angani.

Tatizo la vipimo vyetu wenyewe ni usafi. Tunachukua kifaa kipya, tunakirudisha hali ya kiwandani, tunaweka toleo jipya, kinafaulu. Mtazamaji ana kifaa chenye orodha ya chaneli alizozipanga kwa mkono, rekodi zilizojaa diski, nenosiri la watoto, na toleo la programu ambalo limeruka masasisho matatu kwa sababu huwa anachomoa plagi kila usiku. Hifadhi hiyo ya zamani lazima igeuzwe muundo wa toleo jipya, na ugeuzaji huo ndio unaopimwa kidogo kuliko vyote. Ningekuwa na uwezo, ningekataza toleo lolote kutoka kabla halijapitishwa kwenye rundo la ving'amuzi vichafu.

Kuna pia kumbukumbu inayovuja: programu inachukua nafasi kila ubadilishapo chaneli na hairudishi yote. Siku ya kwanza huoni kitu. Baada ya wiki mbili ratiba inafunguka kwa kusuasua na rimoti inaitika kwa kuchelewa. Kubonyeza kitufe cha kuzima hakusaidii, kwa sababu kwenye modeli nyingi kifaa kinaingia hali ya kusubiri tu na programu inaendelea pale pale. Chomoa plagi, subiri kidogo, chomeka. Kikirudi chepesi kisha kikachoka tena baada ya siku zile zile, hiyo ni hitilafu ya kuripotiwa.

Ukiripoti, usianze kwa kukirudisha hali ya kiwandani, maana utafuta ushahidi. Andika toleo la programu, masafa na mwelekeo wa wimbi wa chaneli moja iliyopotea na moja iliyobaki, na saa ilipotokea. Maelezo rasmi ya masasisho hayatakusaidia sana. "Maboresho ya utendaji na marekebisho madogo" ni sentensi ambayo nimeiona ikiambatana na programu iliyoandikwa upya karibu yote.

Hitilafu inayonishughulisha siku hizi bado haijafika. Ving'amuzi vingi vinatumia mfumo endeshi wa Linux, na vile vya zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970 katika namba ya biti 32, ambayo inajaa tarehe 19 Januari 2038. Miezi mitatu baadaye kuna mtego wa pili, wa DVB yenyewe. Tarehe inayorushwa kutoka setilaiti ni hesabu ya siku tangu 17 Novemba 1858, katika nafasi ya biti 16. Mwisho wake ni 65,535, yaani 22 Aprili 2038. Siku inayofuata hesabu inarudi sifuri. Dawa ipo: programu ielewe kwamba sifuri hiyo ni mzunguko mpya. Lakini dawa hiyo inahitaji sasisho, na watengenezaji huacha kusasisha modeli wakati bado zinafanya kazi sebuleni. Kupima ni kazi ya dakika chache: unatengeneza mkondo wa maabara wenye tarehe 23 Aprili 2038, unachomeka king'amuzi, unafungua ratiba, kisha unaangalia kama kinakuonyesha vipindi vya jioni hiyo au kimekurudisha mwaka 1858.