Kloni ni nakala ya vinasaba, si mnyama aliyefufuka

Wafugaji ninaokutana nao kazini huniuliza swali moja mara kwa mara: ng'ombe wangu wa maziwa mengi akifa, je, mnaweza kumrudisha? Jibu langu ni hapana. Kinachowezekana ni kumpata ndama mwenye vinasaba vya ng'ombe huyo, atakayekua kwa kutegemea malisho, maradhi na matunzo yake mwenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi bado ni kondoo Dolly, aliyezaliwa tarehe 5 Julai 1996 katika Taasisi ya Roslin, Scotland. Ian Wilmut, Keith Campbell na wenzao walichukua seli za kiwele cha kondoo wa miaka sita, wakazipunguzia lishe hadi zikaacha kugawanyika, kisha kwa mshtuko wa umeme wakaiunganisha kila seli na yai la kondoo mwingine lililokwisha kutolewa kiini chake, yaani sehemu inayobeba vinasaba. Mimba ilibebwa na kondoo mwenye uso mweusi, naye Dolly akazaliwa na uso mweupe, jambo lililodokeza, hata kabla ya vipimo, kwamba aliyemzaa hakuwa chanzo cha vinasaba vyake.

Hata hivyo, mayai 277 yaliyounganishwa yalitoa viinitete 29 vya kupandikizwa, na katika hivyo akapatikana mwanakondoo mmoja tu. Seli ya kiwele hubeba maelekezo yote ya kujenga kondoo mzima, lakini mengi yamefungwa, kwa kuwa kiwele hakina haja ya kazi za ini wala za ubongo. Yai ndilo linalopaswa kuyafungua upya, tena kwa muda mfupi sana, na mara nyingi kazi hiyo hubaki nusu. Hapo ndipo hutokea mimba kuharibika, kondo la nyuma lenye kasoro, na ndama wakubwa kupita kiasi wanaowatesa mama zao wakati wa kuzaa. Kwangu mimi hatari kuu ni hiyo, wala si nyama na maziwa, ambavyo mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliviona salama kwa ng'ombe, nguruwe na mbuzi wa kloni.

Faida ninayoithamini zaidi iko karibu nasi. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, Nairobi, ilimzalisha kwa kloni fahali wa Boran, aina ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, aitwaye Tumaini, na lengo halikuwa kuongeza idadi ya mafahali. Nyani wana jeni inayowakinga dhidi ya vimelea wa nagana, ugonjwa ambao mbung'o huwaambukiza ng'ombe, na watafiti walikusudia kuiingiza jeni hiyo katika seli ya Boran maabarani, kisha kwa njia ya kloni kumpata ng'ombe kutokana na seli hiyo. Mmoja akipatikana, kazi inayobaki ni uhimilishaji wa kawaida, yaani kuwapandikiza mbegu majike wa koo mbalimbali, ili lisijengeke kundi la ng'ombe wenye vinasaba vya aina moja ambalo ugonjwa mmoja mpya ungelimaliza lote.