Siku 90 huhesabiwaje? Safari za mara kwa mara bila viza

Swali ninaloulizwa zaidi katika kazi yangu ya ushauri wa uhamiaji hapa Nairobi halihusu viza, bali nchi zisizoidai: mtu akishatoka katika nchi aliyoruhusiwa kuingia bila viza, je, anaweza kurudi juma linalofuata na kuanza kuhesabu siku upya? Jibu hutegemea sheria ya nchi yenyewe, kwa kuwa nchi mbili zinaweza kumpa mgeni siku 90 kila moja na bado zikawa zinazihesabu kwa namna zisizofanana hata kidogo.

Afrika Kusini huhesabu kwa mwaka. Tangu Januari 1, 2023, mwenye pasipoti ya kawaida ya Kenya huingia huko bila viza kwa muda usiozidi siku 90 katika mwaka mmoja wa kalenda, na kikomo hicho si cha kila safari. Aliyekaa Johannesburg siku 50 kati ya Machi na Aprili amebakiwa na siku 40 za kutumia hadi Desemba 31, na kuvuka mpaka kwenda Maputo wikendi moja kisha kurudi hakumwongezei hata siku moja. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa na afisa kwenye pasipoti ndiyo ya kutiiwa, hata kama hesabu ya msafiri mwenyewe inampa zaidi. Anayepitisha muda kwa siku zisizozidi 30 anaweza kutangazwa mtu asiyetakikana na kuzuiwa kurudi kwa miezi 12. Akirudia ndani ya miezi 24, zuio linaweza kuwa la miaka 2. Na anayezidisha siku 30 huzuiwa kwa miaka 5.

Hesabu ya nchi 29 za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ni ngumu zaidi, na ndiyo inayowachanganya hata watu makini. Mkenya anahitaji viza kuingia huko, lakini katiba ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, na wapo wakazi wengi wa Nairobi wenye pasipoti ya Uingereza au ya Marekani, ambao huingia bila viza. Kanuni ni siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na kipindi hicho hakina tarehe maalumu ya kuanza: kila siku unayokuwa huko, unarudi nyuma hadi siku ya 180, ukijumlisha siku zote ulizokaa, ikiwamo ya kuingia na ya kutoka.

Tuseme mtu aliingia Ujerumani Machi 1 na kuondoka Aprili 30, jumla siku 61. Akirudi Julai 1, hata kama sasa anakwenda Ureno, siku zile 61 bado zinahesabika, hivyo ana 29 tu na lazima aondoke kufikia Julai 29. Siku ya Machi 1 haitoki katika hesabu hadi Agosti 28, na kabla ya hapo hawezi kuingia tena. Akiingia Agosti 28, kila siku mpya anayoitumia huambatana na siku moja ya zamani inayodondoka, naye anaweza kukaa hadi Oktoba 27, siku ambayo Aprili 30 nayo inatoka. Msafiri wa namna hii namshauri aandike tarehe zake kwenye karatasi kabla ya kulipia tiketi, maana kumbukumbu ya miezi sita iliyopita haiaminiki.

Kwa Marekani nitasema jambo moja tu: anayeingia kwa mpango wa kusamehewa viza hupewa siku 90, na safari fupi ya Kanada au Meksiko katikati ya kipindi hicho haizianzishi upya. Hapa kwetu Afrika Mashariki mambo ni mepesi, kwani kanuni za Soko la Pamoja zinamruhusu raia wa nchi mwanachama kukaa hadi miezi 6, ingawa kufanya kazi kunahitaji kibali.

Uingereza haina hesabu ya namna hii. Mgeni huruhusiwa kwa kawaida miezi 6 kila anapoingia, na ile imani kwamba kuna kikomo cha miezi 6 kwa mwaka haimo katika kanuni zao. Hata hivyo, kanuni hizo zinamkataza mgeni kuishi nchini kupitia ziara za mara kwa mara au zinazofuatana, na afisa ndiye anayepima. Anayerudi wiki mbili baada ya kuondoka ajiandae kuonyesha kazi, biashara au familia inayomrudisha Nairobi.

Wengine huniuliza kama pasipoti mpya, au ile ya uraia wa pili, hufuta siku za zamani. Katika Schengen siku ni za mtu, si za kitabu, na mfumo wa mipakani ulioanza kutumika kwa awamu Oktoba 12, 2025 huchukua picha ya uso na alama za vidole badala ya kutegemea muhuri.