Uwanja wa vita wa Dar: anzia Feri, usianzie kwenye Sanamu ya Askari

Kazi yangu ni kutembeza watu mjini kwa miguu na kuwasimulia historia. Swali ninaloulizwa sana, tena na wakazi wa Dar wenyewe, ni kwa nini sisi hatuna uwanja wa vita wa kutembelea. Tanga wana wao, wa Novemba 1914, wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walipopigana na Wajerumani waliokuwa wakitutawala. Kusini, karibu na Lindi, wana Mahiwa ya Oktoba 1917. Dar je? Ni kweli hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna vibao vya mshale. Lakini uwanja upo, na kila siku watu wanaukanyaga wakiwahi pantoni.

Watu wengi huanzia Sanamu ya Askari pale Posta kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mimi siwaanzishii pale. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1927, miaka tisa baada ya vita kwisha, kwa hiyo ukianza nayo unasoma barua kuanzia kwenye sahihi. Vita ya Dar ilitoka baharini, basi na sisi tunaanzia kwenye maji. Mzunguko wangu unaanza Feri, unafuata ukingo wa bandari hadi Stesheni, unaingia Kariakoo, unarudi kwa Barabara ya Samora hadi kwenye Sanamu, kisha Bustani ya Mimea, Ocean Road na Feri tena. Ni kama kilomita 7. Viatu vya kawaida vinatosha. Chagua Jumapili, na uwe umefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa adui.

Pale Feri, sogea karibu na soko la samaki mahali unapouona mlango wa bandari vizuri. Tazama ulivyo mwembamba: meli kubwa ikipita, aliye Kigamboni na aliye mjini wote wanaweza kuwaona mabaharia sitahani. Wembamba huo ndio unaoeleza karibu kila kilichotokea hapa.

Mwishoni mwa Julai 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliondoka bandarini ili isije ikanaswa ndani. Vita ikatangazwa. Tarehe 8 Agosti meli ya Waingereza, Astraea, ikaja kuupiga mizinga mnara wa simu ya upepo, nao Wajerumani wakaizamisha gudi yao ya kuelea, yaani jukwaa la kutengenezea meli, kwenye mlango wa bandari ili adui asiingie. Hawakuziba kabisa, ila meli kubwa zilipata kizuizi. Kwa hiyo Königsberg nayo ilikuwa imefungiwa nje ya nyumba yake. Ikaizamisha Pegasus kule Unguja mwezi Septemba, ikajificha Rufiji, na mwisho wake ukawa huko huko Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa, na karakana za Dar zikaitengenezea magurudumu ikapigane nchi kavu.

Sasa rudi kwenye huo mlango na uiwaze tarehe 28 Novemba 1914. Goliath na Fox, meli kubwa za Waingereza, zimebaki nje. Ndani zimeingizwa mashua ndogo za mvuke, kazi yao kuharibu injini za meli za Kijerumani zilizotia nanga humu, zisije zikapeleka makaa na chakula kwa Königsberg. Kuingia kulikuwa rahisi. Shida ilikuwa kutoka. Kamanda wao, Henry Peel Ritchie, alikuwa ameyafunga matishari mawili ubavuni mwa mashua yake, moja kulia na moja kushoto, yawe ngao. Akili nzuri, kwa sababu walipofika kwenye wembamba huu risasi zilitoka pande zote mbili. Ritchie alijeruhiwa mara nane katika muda wa dakika 20 hadi 25, akazimia kwa jeraha la nane, na baadaye akapewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza. Mji ukapigwa mizinga kutoka baharini, na nyumba ya gavana ikaharibiwa. Nyumba hiyo ilikuwa pale ilipo Ikulu ya Magogoni. Waingereza waliijenga upya na kuimaliza mwaka 1922.

Jambo hili huwa nalisema mara tatu maana watu hawaliamini: hayo ndiyo mapigano makubwa ya Dar. Waingereza walipouchukua mji tarehe 4 Septemba 1916, Wajerumani walikwishaondoka. Ndiyo maana ukitembea Kivukoni unakuta kanisa la Kilutheri la Azania Front na kanisa la Mtakatifu Yosefu yote yamesimama, na Boma la Kale la enzi za Sultani Majid lipo mbele kidogo. Sitawachosha na majengo hayo hapa. Yana wasimulizi wengi.

Stesheni ndipo vita inapobadilika sura. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa mwaka 1905 na kufika Kigoma mapema 1914, yaani miezi michache tu kabla ya vita. Wajerumani waliporudi nyuma walivunja madaraja. Na nje ya reli hakukuwa na kitu cha kubebea mzigo: farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Kilichobaki ni kichwa cha mtu.

Hapa huwa nawapa watu hesabu ya kufikirika. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo 1 kwa siku. Mpeleke safari ya siku 10, umlishe na siku 10 za kurudi. Kilo 20 zimekwenda tumboni mwake, askari aliyeko mbele anapata kilo 5. Kila jeshi linaposonga siku moja zaidi porini, linahitaji wapagazi wengi zaidi kuwalisha wapagazi. Ndiyo maana vita iliyokuwa na askari maelfu ilikula watu malaki. Kwa upande wa Waingereza peke yao inakadiriwa walikufa wapagazi wapatao 95,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na kichomi, si kwa risasi. Na chakula chenyewe kilikuwa tatizo: unga usioiva vizuri kwa sababu mtu amefika usiku amechoka na kuni zimelowa.

Ukivuka Mnazi Mmoja, penye mnara wa mashujaa, unaingia Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Wajerumani walikuwa wamejenga soko hapa kabla ya vita. Waingereza wakaligeuza kambi ya wapagazi. Soko la sasa, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kuungua Julai 2021, ni la miaka ya 1970. Usitafute ukuta wa zamani, hutaupata. Kunywa chai na chapati, pumzika, kisha shuka Mtaa wa Uhuru hadi Mnara wa Saa na ushike Samora.

Sasa ndiyo uende kwenye Sanamu. Ni shaba, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, na singe ya bunduki imeelekea bandarini. Wapita njia wanamtazama askari. Wewe tazama chini, kwenye maandishi yaliyotungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling: yapo kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili yameandikwa mara mbili, kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Halafu zunguka jiwe lote, pande zote nne, utafute hilo jina. Hakuna hata moja.

Haikuwa bahati mbaya. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba Waafrika na wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuutembea mzunguko huu. Wengi huondoka pale baada ya picha mbili.

Kutoka hapo Samora inakupeleka moja kwa moja hadi Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Taifa. Kivuli cha bustani kinakaribisha, wala huna sababu ya kukimbia. Mbele yake ni hospitali ya Ocean Road, ya mwaka 1897, ambako daktari Mjerumani Robert Koch alifanyia utafiti wa malaria, ugonjwa ule ule uliokuja kuwamaliza wapagazi. Kuanzia hapo hadi Feri unapita jirani na Ikulu: simu mfukoni, usipige picha, na ukiambiwa zungukia huku, zungukia huku bila ubishi.

Makaburi ya vita hayamo kwenye mzunguko. Yalikuwa huku huku Ocean Road, lakini mwaka 1968 makaburi 660 yalihamishwa kupisha barabara mpya na kupelekwa Barabara ya Bagamoyo. Hayo yatengee siku nyingine, panda daladala la Mwenge, na umwambie konda mapema akushushe Makaburi ya Vita, maana akipitiliza ni mguu mrefu kurudi.