Maamuzi ya uzazi yaanzie kliniki, yasisubiri uchungu

Karatasi ya ridhaa ya upasuaji humfikia mama katika saa mbaya kuliko zote. Uchungu umemshika tangu usiku, hajala, mapigo ya moyo ya mtoto yameanza kushuka, na daktari anaeleza haraka haraka kwa sababu muda hautoshi. Mama anapewa kalamu, anasita, anasema, "Ngojeni kwanza nimpigie baba." Baba yuko Dar es Salaam na simu haipokelewi. Mama mkwe yuko nje ya wodi, naye ana lake la kusema. Dakika zinakwenda.

Mimi ni mkunga. Ninafundisha wazazi watarajiwa katika kliniki ya wajawazito hapa Moshi, na neno ninalolirudia kila wiki ni kwamba mengi yanayoamuliwa leba kwa pupa yangeweza kuzungumzwa nyumbani miezi mitatu kabla, watu wakiwa wametulia. Hakuna anayeweza kupanga uzazi wake utakwendaje. Lakini mama aliyekwisha kuelezwa kwa nini operesheni huweza kuhitajika, na ambaye yeye na mwenzake walishakubaliana, atauliza maswali mawili matatu na kutia sahihi akijua anachokikubali. Asiyeelezwa hukubali kwa woga au hukataa kwa woga.

Niseme wazi pia ridhaa ni ya nani. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayeridhia matibabu ya mwili wake. Baba wa mtoto ni mshauri wake wa karibu, na ndiyo maana tunamtaka aje kliniki tangu hudhurio la kwanza. Mama mkwe, wifi na mashangazi wana uzoefu tunaouheshimu sana. Ila mtoto anapoishiwa hewa tumboni hakuna nafasi ya kuitisha kikao cha ukoo. Kubalianeni mapema: baba asipopatikana, mama anaamua, na hakuna atakayemlaumu baadaye.

Tatizo ni kwamba wengi huchelewa kuja. Huku kwetu mimba changa haitangazwi. Watu huogopa jicho baya, na wengine wameshawahi kupoteza mimba wakaona aibu kwa kuwa walishasema. Nauelewa woga huo, na hakuna anayewataka muwaambie majirani. Njooni kliniki kimya kimya, kabla ya wiki ya 12. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8 badala ya manne ya zamani, na la kwanza ndilo lenye vipimo vingi: wingi wa damu, kundi la damu, presha, mkojo, kaswende, Virusi vya UKIMWI. Mama mwenye kundi la damu la Rh hasi, kwa mfano, anahitaji kujulikana mapema, kwa sababu mtoto akizaliwa na Rh chanya mama huchomwa sindano maalumu ndani ya saa 72 ili mimba zijazo zisidhurike. Dawa hiyo haipatikani kila mahali, hivyo familia inahitaji muda wa kuiulizia.

Hudhurio la mapema hutupa pia kitu ambacho wazazi wengi hukidharau, yaani umri sahihi wa mimba. Tunahesabu siku 280 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, lakini wengi hawaikumbuki siku hiyo, au walikuwa wametoka tu kuacha sindano za uzazi wa mpango na hedhi ilikuwa haijatulia. Ultrasaundi iliyofanyika kabla ya wiki ya 24 husaidia kusahihisha hesabu. Mimba ikishakuwa kubwa, kipimo hicho hukosea umri kwa wiki kadhaa. Wazazi wengi huja kukifanya wiki ya 32 wakitaka kujua kama ni wa kike au wa kiume. Furaha yao naielewa, ila kama fedha iliyopo ni ya kipimo kimoja tu, kifanyeni mapema.

Watoto kama 5 tu kati ya 100 huzaliwa tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Mimba iliyokomaa ni ya kuanzia wiki 37, na ikitimiza wiki 41 bila uchungu ndipo mama hushauriwa kuanzishiwa. Kama hatujui wiki zenu kwa uhakika, tunaweza kumwanzishia mama ambaye mtoto wake bado hajakomaa, au kumrudisha nyumbani ambaye mtoto wake amepitiliza. Mama anayejua wiki zake anaweza kuuliza kwa nini anaanzishiwa leo na si Alhamisi, na ana haki ya kujibiwa.

Kuhusu dawa nitapita haraka. Vidonge vya kuongeza damu ni vya kila siku, na visimezwe pamoja na chai ya rangi wala ya maziwa, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Hamu ya kula udongo mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua: tuambieni, tuipime, badala ya kuununua sokoni. Dawa za SP za kukinga malaria huanza wiki ya 13 na hurudiwa kila mwezi, angalau mara tatu. Anayetumia dawa nyingine yoyote, zikiwemo za VVU, aiseme kabla ya kumeza.

Sasa, mahali pa kujifungulia. Zahanati hupokea uzazi wa kawaida lakini haina chumba cha upasuaji. Baadhi ya vituo vya afya vinacho, vingine hapana, kwa hiyo ulizeni kituo chenu moja kwa moja: mkihitaji kunifanyia operesheni usiku wa manane mtaifanyia hapa au mtanipeleka wapi, na kwa gari gani? Mwenye kovu la operesheni, mwenye mapacha, mwenye presha au kisukari, mfupi chini ya sentimita 150, aliyewahi kupoteza mtoto wakati wa kuzaa, hawa wote wapange hospitali tangu mwanzo. Anayeishi juu, Kibosho au Uru, akumbuke kwamba masika, Machi hadi Mei, njia za vihambani huteleza na bodaboda hukataa. Kwake ni busara wiki mbili za mwisho ahamie kwa ndugu aliye karibu na barabara ya lami.

Dharura ikitokea, kuna namba 115 ya mfumo wa m-mama. Simu ni bure na usafiri ni bure. Gari la wagonjwa lisipopatikana karibu, mfumo hutuma dereva wa kijamii aliyesajiliwa. Iandikeni kwenye simu ya kila mtu wa nyumba, pamoja na ya kijana anayelisha ng'ombe.

Na kuna Desemba. Watu wa Kilimanjaro walioko Dar na kwingineko hupanda nyumbani kwa Krismasi, wakiwemo wajawazito wa wiki ya 36 au 37, na kadi ya kliniki imebaki kwenye kabati Mbagala. Uchungu ukianza Rombo tarehe 27, mkunga anayempokea hajui kundi la damu, hajui kama presha ilikuwa ikipanda, hajui kovu la mwisho lilikuwa la namna gani. Kadi isafiri na mama, hata kama ni safari ya sokoni.

Gharama nazo zizungumzwe. Sera ya taifa inawasamehe wajawazito malipo katika vituo vya umma, lakini mara nyingi familia hutakiwa kuja na glovu, pamba, mpira wa kutandika na vibana kitovu. Hospitali za mashirika ya dini na za binafsi hutoza. Omba orodha na makadirio ya kawaida na ya operesheni, yote mawili, mapema.

Operesheni yenyewe inahitaji maneno mengi zaidi, maana hapo ndipo ninaona wazazi wakiumizwa na maneno ya watu. Upande mmoja kuna mama anayeambiwa kwamba hakuzaa, amepasuliwa, kama vile ni uvivu. Upande wa pili kuna familia zenye uwezo zinazoomba operesheni ili kukwepa uchungu, zikidhani haina madhara. Kauli zote mbili zinawanyima wazazi taarifa wanayoihitaji.

Kondo la nyuma likiziba njia, mtoto akilala mlalo, au uchungu ukikwama na mtoto akachoka, upasuaji huokoa maisha na hakuna mbadala wake. Wakati huohuo ni upasuaji mkubwa wa tumbo: damu hupotea zaidi, maambukizi na damu kuganda kwenye mishipa hutokea zaidi, na kila kovu linaongeza uwezekano wa kondo la mimba ijayo kujishika hapo na kugoma kutoka. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika jamii nzima, kiwango cha upasuaji kikishazidi asilimia 10 hakuna ushahidi kuwa vifo vya mama na watoto vinaendelea kupungua. Takwimu hiyo ni ya jamii, haimwambii mama mmoja afanye nini. Inamwambia tu kwamba sababu iwepo.

Kwa hiyo ulizeni sababu. Ni nini hasa kinachoonekana? Tukisubiri saa moja, kuna hatari gani? Kuna kingine cha kujaribu kwanza? Nitachomwa ganzi ya mgongo au nitalazwa nusu kaputi? Kwa ganzi ya mgongo mama huwa macho na humsikia mtoto wake akilia. Kama hali ni ya dharura kweli, majibu yatakuwa mafupi, na hapo msishindane na wahudumu.

Swali la mwisho liulizwe kabla ya kutoka hospitali: mmenikata wapi kwenye mfuko wa uzazi? Kovu la nje haliwezi kujibu. Mkato wa mlalo sehemu ya chini ya mfuko huruhusu wengi kujaribu njia ya kawaida mimba ijayo. Kati ya wanaojaribu, 60 hadi 80 kati ya 100 hufanikiwa, na kovu kuachia hutokea kwa chini ya mmoja kati ya 100. Uchache huo usiwadanganye mkajaribu zahanati au nyumbani, kwa sababu kovu likiachia, mtoto na mama wana dakika chache tu. Ijaribiwe pale ambapo chumba cha upasuaji kiko tayari usiku na mchana. Ipite angalau miaka miwili tangu kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine. Na ninawaomba sana, hasa nyinyi mama zetu mnaowapenda hawa mabinti, msiwape dawa za miti za kuongeza uchungu. Kipimo chake hakuna anayekijua, na mfuko wenye kovu ukibanwa kwa nguvu hupasuka.

Kwa anayejifungua kawaida, kuna chaguo kadhaa ambazo wengi hawajui kuwa wanazo. Kwa mwongozo wa mwaka 2018 wa Shirika la Afya Duniani, uchungu wenyewe huhesabiwa kuanzia njia ikifunguka sentimita 5, na kwa mzazi wa kwanza huweza kuchukua hadi saa 12 kutoka hapo. Njia isipofunguka sentimita moja kila saa, hilo peke yake si sababu ya upasuaji. Mama anaweza kutembea, kuchuchumaa au kulala ubavu, na anaweza kunywa na kula kidogo kama hana tatizo. Kuongezewa njia, yaani kukatwa ili mtoto apite, hakupaswi kufanywa kwa kila mzazi wa kwanza kama desturi. Na mwenzi wa kumsindikiza, awe mume, dada au mama yake, hupunguza muda wa uchungu na hupunguza operesheni. Wodi zetu nyingi ni za pamoja, hivyo si kila mahali mwanamume ataruhusiwa kuingia. Ulizeni kabla. Baba aliyeajiriwa ana likizo ya siku 3 ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na mama siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mmoja.

Vifo vya wazazi nchini vimepungua sana: takwimu za kitaifa zilionesha vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na 104 mwaka 2022. Vinavyobaki vinatokana zaidi na kuvuja damu na kifafa cha mimba. Mara tu mtoto anapotoka, mama huchomwa sindano ya oksitosini kwenye paja ili mfuko ujikaze. Msiikatae. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 na kufanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionesha kwamba kuikinga kwa mfuko maalumu damu inayotoka na kuipima, na kuanza tiba zote kwa pamoja badala ya moja moja, kulipunguza madhara makubwa ya kuvuja damu kwa asilimia 60. Upande wenu, tafuteni ndugu wawili walio tayari kuchangia damu kabla ya wiki ya 36. Mtori hujenga mwili wa mzazi, ila hauwezi kurudisha lita moja iliyotoka ndani ya nusu saa.

Baada ya kuzaa salama kaeni kituoni angalau saa 24, kisha mrudi siku ya 3, wiki ya 2 na wiki ya 6, hata kama mtoto ananyonya vizuri na mama anaonekana mzima. Kifafa cha mimba humpata hata aliyekwisha kujifungua. Mzazi akilalamika kichwa kumuuma sana, macho kuona ukungu, au maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, asipewe vidonge vya maumivu akalazwa akapumzike. Pigeni 115, na mkifika mapokezi semeni kwanza kwamba amejifungua na ni siku ya ngapi.