Umeacha mafuta, badala yake umeweka nini?

Swali ninaloulizwa kuliko yote kliniki ni hili: "Dokta, adui wa moyo ni mafuta au wanga?" Mimi si dokta, ni mtaalamu wa lishe, lakini hapa Dar ukishavaa koti jeupe umeshakuwa dokta. Anayeuliza huwa na klipu mbili kwenye simu. Moja inamkataza mayai, nyama na nazi. Nyingine inamwambia ale nyama choma na siagi, ila ugali aukimbie kama ukoma. Zote zinataja utafiti, na kila moja ina chembe ya ukweli ndani yake. Ndiyo maana watu wanachanganyikiwa.

Mzozo wenyewe una umri mkubwa. Septemba 1955 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipata shambulio la moyo, na nchi nzima ikataka kujua kulikoni. Ancel Keys, mtafiti wa Minnesota, alikuwa na jibu: mafuta yanayoganda, yale ya siagi, samli na nyama, yanapandisha kolesteroli, aina ya mafuta yanayosafiri kwenye damu, na kolesteroli inaziba mishipa ya moyo. Mwaka 1958 akaanza utafiti wake mkubwa wa nchi saba. Kule Uingereza Profesa John Yudkin akasema jamani, itazameni sukari. Keys alimshambulia kwa maandishi makali, na kwa miaka mingi Yudkin hakusikilizwa. Kisha mwaka 2016 nyaraka za zamani zikaonyesha kwamba wafanyabiashara wa sukari wa Marekani waliwalipa watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waandike mapitio ya tafiti, yaliyotoka 1967, ya kuipunguzia sukari lawama na kuyatwisha mafuta. Waliosikia habari hiyo wengi wakaamua kwamba basi, suala zima la mafuta lilikuwa uongo. Hapana. Sukari kutetewa kwa pesa hakuigeuzi siagi kuwa dawa.

Hata sisi tumo kwenye ugomvi huu. Miaka ya 1960 mtafiti George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alikuja kuwapima Wamasai wa Tanganyika. Wanaume waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama walikutwa na kolesteroli ya chini, na ugonjwa wa moyo ulikuwa haba. Wapenzi wa nyama na siagi hawachoki kuisimulia habari hii, ila huishia katikati. Mwaka 1972 Mann alichapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya Wamasai 50 waliofariki. Kuta za mishipa zilikuwa zimenenepa kwa mafuta kama za wazee wa Kimarekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yao ilikuwa imepanuka, damu ikaendelea kupita, na Mann aliona sababu ni mwili uliozoea mwendo mkali. Wewe unayekaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela kwa saa mbili, kisha kwenye kiti cha ofisi kwa saa nane, fikiri vizuri kabla hujaiga sahani ya Mmasai.

Sasa nije kwenye jambo ambalo klipu hazilisemi. Hakuna anayeacha chakula akabaki na pengo. Tumbo linadai. Ukiondoa mafuta, kuna kitu unaongeza, na ni hicho kilichoongezwa kinachoamua moyo utafaidika au la.

Kuna mama mmoja alikuja kwetu akiwa ametii kila neno aliloambiwa kwingine. Mayai hali, samaki wa kukaanga hali, mboga anachemsha tu. Nikamwomba anieleze siku yake mlo kwa mlo. Asubuhi chai ya rangi, sukari vijiko vitatu, mkate mweupe vipande vinne. Mchana ugali wa sembe, mlima kweli, na mchicha kidogo pembeni. Alasiri juisi ya ukwaju iliyokolezwa sukari ("si soda hii, ni ya asili"). Usiku wali mweupe na maharage. Majibu ya maabara: LDL, ile kolesteroli mbaya, imeshuka kidogo. HDL, ile nzuri, nayo imeshuka. Trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, zimepaa, na sukari ya damu inanyemelea mpaka wa kisukari. Alikasirika, na mimi ningekasirika vilevile.

Tafiti kubwa zinaonyesha jambo hilohilo. Marekani wanawake karibu 49,000 waliingia kwenye jaribio la kupunguza mafuta ya kila aina, mazuri kwa mabaya. Majibu yalipotoka 2006, ugonjwa wa moyo haukuwa umepungua kwa kiasi cha maana. Lakini mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio ya kupunguza mafuta yanayoganda peke yake, yalikuta matatizo ya moyo na mishipa yakipungua kwa karibu asilimia 17. Na watu waliofuatiliwa kwa miaka mingi wanaonyesha hivi: anayeiacha siagi akahamia kwenye mafuta ya mimea, karanga, samaki au nafaka isiyokobolewa, moyo unapata nafuu. Akihamia kwenye unga mweupe na sukari, hapati kitu.

Nazi? Nilijua mtauliza, Pwani yote huuliza. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni ya kundi linaloganda. Asubuhi za Julai hata hapa Dar chupa ya mafuta ya nazi huganda kabatini. Yanapandisha LDL kuliko alizeti, hilo limepimwa. Watu wa Tokelau, kule Pasifiki, walipata zaidi ya nusu ya nguvu zao kutoka kwenye nazi na bado ugonjwa wa moyo ulikuwa nadra, ila walikula na samaki na sukari walikuwa hawaijui sana. Kwa hiyo tui kwenye samaki wa kupaka sina ugomvi nalo. Kunywa mafuta ya nazi kijiko kila asubuhi kama dawa, huo ugomvi ninao.

Mafuta ya kupima ya dukani mara nyingi ni mawese, ambayo karibu nusu yake ni ya kuganda. Alizeti ni kama asilimia 11 tu. Sembe ukiweza badilisha kwa dona. Yai moja asubuhi halimtishi mtu mwenye afya, hata Marekani waliondoa kikomo chao cha kolesteroli ya chakula mwaka 2015.

Halafu kuna presha. Utafiti wa wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, uliofanyika hapa Dar na kuchapishwa 2014, ulikuta presha ndiyo chanzo kinachoongoza, mbali mbele ya mishipa iliyoziba. Kwa hiyo mtu akiniuliza mafuta au wanga, kwanza namfunga mashine ya presha mkononi, kisha namuuliza anatia chumvi kiasi gani kwenye chipsi, na kama huwa anaonja kwanza.