Kubadili viwianishi kwenye intigrali za mara tatu: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Dhana: r² saini φ, kizidishi kinachoingia ukihamia viwianishi vya tufe (r ni umbali kutoka katikati, φ pembe kutoka mhimili wa z, θ pembe ya kuuzunguka mhimili huo), ni kitu cha kukariri, ukikisahau unapoteza alama moja.

Ukikisahau umepoteza jibu lote. Chukua tufe lenye nusukipenyo R. Peleka r kutoka 0 hadi R, φ kutoka 0 hadi π, θ kutoka 0 hadi 2π, bila kizidishi. Utapata 2π²R, ambao ni urefu. Ujazo unadai R³, kwa hiyo kosa linaonekana kabla hata hujafungua majibu.

Wala hakuna haja ya kukariri. Fikiria kijisanduku kidogo ndani ya tufe. Ubavu wa kwanza ni dr, umenyooka. Lakini dφ ni pembe, na tao linalochorwa na pembe hiyo lina urefu r dφ. Na dθ inazunguka mhimili wa z kwenye duara ambalo nusukipenyo chake ni r saini φ, hivyo tao lake ni r saini φ dθ. Zidisha bavu tatu: r² saini φ dr dφ dθ. Karibu na ncha duara hilo hunywea, ndiyo maana saini φ ipo. Sasa hesabu: R³/3 × 2 × 2π = 4πR³/3. Mwalimu anayeandika kizidishi ubaoni bila kuchora kijisanduku hiki anawanyima wanafunzi kiini cha somo zima.

Kwenye viwianishi vya silinda kizidishi ni r peke yake (hapa r ni umbali kutoka mhimili wa z), kwa sababu pembe ni moja tu.

Dhana: pembe zote mbili huenda hadi 2π.

Intigrali ya saini φ kutoka 0 hadi 2π ni sifuri, kwa hiyo tufe lako halitakuwa na ujazo! φ huanzia 0 kwenye ncha ya juu na kuishia π kwenye ncha ya chini. Wala si latitudo: Dar es Salaam iko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, basi φ yake ni kama nyuzi 96.8. Anayetumia latitudo huweka kosaini mahali pa saini. Angalia pia kitabu ulichoshika, maana vya fizikia mara nyingi hubadilishana θ na φ.

Dhana: umbo la mviringo lazima liende na viwianishi vya tufe.

Umbo la pia (koni) lililo kati ya z = √(x²+y²) na z = 1 hutoa ujazo wa π/3 kwa njia zote mbili, ila kwa silinda ni hesabu ya mistari miwili. Kwa tufe, kikomo cha r kinakuwa 1/kosaini φ.

Dhana: mifumo ya viwianishi ni mitatu tu: ya x, y, z, ya silinda na ya tufe.

Mwanahisabati Lagrange alibadili vigeu vya intigrali za mara tatu mwaka 1773 akitafuta mvutano wa maumbo ya tufe lililobonyea, na mwanahisabati Jacobi akaandika nadharia ya determinanti zinazotoa vizidishi hivi mwaka 1841. Unaruhusiwa kubuni mfumo wako. Kwa x²/a² + y²/b² + z²/c² ≤ 1, weka x = au, y = bv, z = cw; kizidishi ni abc, ujazo 4πabc/3. Dunia, yenye a = b = kilomita 6,378.137 na c = 6,356.752, inatoka takriban kilomita za ujazo trilioni 1.083. Wengi hugawa kwa abc kwa sababu wameanza na u = x/a; determinanti unayoihitaji ni ya x, y, z kwa u, v, w, tena thamani yake kamili, bila alama ya hasi.